Kiti cha Karibu na Dirisha

Saa nne na nusu asubuhi mgahawa wa mkabala na stesheni ulikuwa umejaa, na mwanamke mmoja mwenye koti la mvua alikuwa ametundika mkoba wake begani kwa mzee aliyekuwa akila mayai. Mzee aliendelea kula kwa mkono mmoja. Wa pili aliutumia kuushikilia mkoba, usije ukaanguka na vitu vya watu vikamwagika.

Mgunduzi alimtazama kutoka meza ya kona, uma ukiwa hewani. Alikuwa akipita tu katika mji ule, akisubiri treni ya kumrudisha kwao, na mzee yule hakuwa mgeni kwake. Alikuwa kinyozi wa jirani. Mara ya kwanza Mgunduzi alipoingia humo, miezi kadhaa nyuma, kinyozi ndiye aliyesogeza gazeti lake ili mgeni apate nafasi, akamwambia, "Agiza mayai, binti. Mkate wao leo mgumu." Sasa fulana yake na kifua chake vilipitisha macho mpaka ukutani, na pale ukutani palikuwa na makala ya Mgunduzi, yametiwa fremu na kioo.

Mkate wa safari hii ulikuwa laini. Aliumeza bila kuisikia ladha yake, akatoka kwenda kusubiri treni kwenye jua.

Jina la Mgunduzi alipewa na wenzake wa jaridani. Kazi yake ilikuwa kutafuta migahawa midogo, ya mjini kwao na ya kila alikosafiri, ambako mtu anaweza kukaa bila tai wala haraka akala ule mlo ulio kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Zamani mlo huo uliitwa kuchelewa kuamka. Siku hizi una menyu yake. Mgunduzi alikuwa na mtindo: hakumwuliza mhudumu kipi kizuri, aliagiza anachokula jirani wa meza ya pili, maana mtu anayekula mahali kila siku hajidanganyi. Na kila makala aliyamaliza kwa maneno yaleyale, ambayo wasomaji waliyangojea kama watoto wanavyongojea mwisho wa hadithi: "Nendeni upesi. Bado hakuna mtu anayepajua."

Wasomaji walikwenda upesi. Na wale waliokuwa wakipajua tangu zamani, kinyozi na wenziwe, wakaanza kufifia.

Halikuwa jambo la siri. Wenye migahawa walilijua kama wanavyojua kwamba maziwa huchacha. Mwanzoni wahudumu walipapasa kiti kabla ya kumkalisha mgeni, na wateja walipozidi wakaacha kupapasa, nani ana muda. Nje ya hapo watu hao walionekana vizuri tu. Walisalimiwa barabarani, walikanyagwa miguu kwenye basi kama kila mtu. Walififia pale walipozoea kula, na wengi waliendelea kwenda, kwa kuwa mazoea yana taabu.

Mgunduzi jambo hili lilimkosesha raha, tena sana. Lakini lilikuwa likiwapata watu wa mitaa asiyoishi na miji anayopita. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Yeye alikuwa amemwona kinyozi mwenyewe akinyolewa, na kichwa chake kilikuwa bado kikavu.

Baba yake alikula kwa Mama Supu.

Baba alikuwa kondakta wa treni mpaka alipostaafu, na kazi hiyo ilimwachia tabia mbili: kutanua miguu kila aliposimama, kana kwamba sakafu itayumba, na kutoweza kukaa wakati abiria amesimama. Tangu mama afariki, chakula cha nyumbani kilikuwa hakimteremki. Hakuwa akideka. Mkate ulifika kooni ukagoma, na Mgunduzi alimwona akiuzungusha mdomoni hadi chai ikapoa. Kwa Mama Supu uliteremka. Palikuwa chumba chembamba nyuma ya duka la dobi, meza zimetandikwa plastiki za maua, mvuke wa pasi ukiingia dirishani na kuchanganyika na wa sufuria. Baba alikaa kiti cha karibu na dirisha, akala supu kwa mkate, akabishana na fundi redio kuhusu habari za jana, akarudi nyumbani ameshiba na amekasirika kidogo. Hicho ndicho kilichomweka hai. Mgunduzi alilijua hilo, na katika miaka yote ya kuandika hakupagusa kwa Mama Supu hata kwa nusu mstari.

Siku ya pili baada ya kurudi safari, alikwenda kumpitia baba mchana. Mama Supu alimpokea na mwiko mkononi.

"We mtoto, mimi nimekukosea nini?"

"Kivipi tena, mama?"

"Umesifia kahawa za watu mpaka huko kusikojua supu. Hapa umekulia, hapa hapa umefutwa makamasi, hata neno moja! Si wanasema mcheza kwao hutunzwa?"

"Ndiyo nakutunza hivyo, mama."

Mama Supu alicheka, kisha akaacha. Mwenye nyumba alikuwa amepita mara mbili na futi ya kupimia, akipima ukuta bila kusalimia. Alitaka kukifanya chumba kile stoo ya dobi, kwa kuwa meza nyingi zilishinda tupu.

"Watu wanasema kizuri chajiuza," alisema Mama Supu. "Supu yangu nzuri, Mungu shahidi, na haijiuzi. Mkiniacha hivi nafunga. Halafu huyu baba yako atakula wapi?"

Baba aliinua macho kutoka kwenye bakuli. "Nitakula hewa," alisema. "Nina meno bado."

Fundi redio alicheka mpaka akapaliwa. Mgunduzi hakucheka. Alikuwa akivitazama viti, kimoja kimoja, kila kimoja na mtu wake au na utupu wake. Asipoandika, chumba kitafungwa na baba atakufa njaa mezani kwake mwenyewe. Akiandika, chumba kitajaa, na baba atakuwa ndani yake kama yule kinyozi. Alilala na wazo hilo akaamka nalo, likiwa limekunjwa vilevile.

Mhariri alikuwa mtu mpole aliyekula mchana akiwa amesimama, na hakuwahi kufika katika mgahawa wowote uliosifiwa na jarida lake. Alitaka mgahawa wa mjini kwao kwa toleo la sikukuu. Baada ya hapo Mgunduzi angepewa ile safari ndefu aliyokuwa akiiomba tangu mwaka jana, nchi baada ya nchi, vijiwe vya kando ya maji.

Basi Mgunduzi aliandika kwa Mama Supu, ila aliandika kwa ujanja. Aliwatia wote. Alimtia fundi redio na ubishi wake, akamtia mshonaji anayechovya mkate kabla hajakaa, akamtia kondakta mstaafu wa kiti cha karibu na dirisha, na kofia yake, na namna anavyokipuliza kila kijiko hata supu ikiwa imepoa. Mwisho aliandika: "Hapa panajulikana sana. Ukienda, kiti cha karibu na dirisha kina mwenyewe." Alipomaliza, kwa mara ya kwanza katika wiki nzima, alisikia njaa.

Mhariri alisoma akiwa amesimama, anatafuna.

"Tamu," alisema. "Ila hawa watu wote wa nini?"

"Ndio wanaokula pale."

"Dada yangu, msomaji hataki kuambiwa kiti kimekaliwa. Anataka kukikalia."

Akachukua penseli, akamfuta mshonaji, akamfuta fundi redio, na alipomfikia kondakta alisita kidogo, akasifu ile habari ya kofia, kisha akamfuta. Chini aliandika kwa mkono wake maneno ambayo wasomaji walikuwa wakiyangojea. Tiketi ya safari ilikuwa mezani, kikombe chake kimeikalia pembe.

"Sawa?" aliuliza.

Alikuwa anauliza kweli. Neno moja lingetosha kuirudisha penseli nyuma, na Mgunduzi alilisikia neno hilo likiwa limefika mdomoni. Aliziwaza sufuria za Mama Supu zikitolewa nje, akaiwaza tiketi, akamwaza baba. Ni kipi alikitanguliza na kipi alikifuatisha, baadaye hakupenda kukumbuka.

"Sawa," alisema.

Toleo lilitoka Ijumaa. Jumamosi foleni ilifika kwa dobi, na watu waliipiga picha sufuria kabla haijafunuliwa. Mama Supu alivaa kitambaa kipya kichwani. Mwenye nyumba alipita bila futi, akasalimia, akaagiza bakuli kubwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Mama Supu aliwaimbia waliokuwa mlangoni, na wenyeji, mezani kwao, walingojea supu mpaka ikaisha.

Fundi redio alitangulia kufifia. Wageni walimwekea mtoto mapajani, mtoto akalala, na yeye, ambaye kila mtu alimjua kwa kelele, alinyamaza asimwamshe. Baada ya hapo hakurudi. Alikula karanga dukani kwake, katikati ya redio zilizofunguliwa vifuniko.

Baba hakuwa na mtu wa kubishana naye, lakini alikwenda. "Nakwenda kazini," alisema, kama alivyosema enzi zake. Mgunduzi alimfuata kila siku. Siku moja aliona mhudumu akinyoosha mkono kupitia kifua cha baba ili kufuta dirisha. Siku nyingine baba alikuwa ameweka kiganja mezani, na maua ya plastiki yalionekana chini yake, majani na yote. Baba naye alikuwa akikitazama.

"Nimepungua kidogo," alisema.

"Twende kwa daktari, baba."

Kwenye zahanati baba alionekana vizuri, bila kufifia popote. Daktari alimpima presha, akamsikiliza mapafu, akauliza anakula wapi. Alipoambiwa, alikitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kupokea wengi wa namna hiyo. "Mwili hauna neno," alisema. "Ale nyumbani." Walikwenda nyumbani. Mgunduzi alipika supu kwa kufuata kila kitu alichomwona Mama Supu akikifanya, hata kuisema sufuria. Baba alikunywa kijiko kimoja. Kikagoma. Mikono yake ilionekana vizuri sana kwenye mwanga wa jikoni, na ilikuwa imekonda hata pete imegeuka upande.

Kwa hiyo alirudi kwa Mama Supu, na Mgunduzi akawa anakaa naye na kumwagizia. Yeye hakufifia hata chembe. Hakuwahi kuwa mzoefu wa mahali popote.

Siku ya kuondoka aliliburuta sanduku mpaka pale, akalisukuma chini ya meza. Alikuwa na mchana mmoja tu na hakujua kesho nani angeagiza. Alikuwa amejaribu kumwomba mhudumu, mhudumu akasema hewala, mama, mzee gani?

"Supu mbili," Mgunduzi alisema.

Mama Supu alikuwa akifuta meza. "Mbili? Una mgeni?"

"Ya baba."

"Ee, huyo nisalimie sana. Siku hizi haonekani kabisa. Mwambie nimekasirika, asinitupe hivyo, tumetoka naye mbali."

"Sijakutupa, mama," alisema baba. "Niko."

Mama Supu alifuta meza kukizunguka kiwiko chake, bila kukigusa, akaenda jikoni. Baba alivua kofia, akaiweka magotini.

"Usiwe na wasiwasi," alimwambia bintiye. "Nenda kazini."

"Utakulaje, baba?"

"Treni hazikosi chakula."

Hakukuwa na treni yoyote. Mgunduzi alitaka kusema kitu kikubwa, kitu cha penseli na cha lile neno lililofika mdomoni, badala yake akalisukuma sanduku ndani zaidi kwa mguu. Wakati huo binti mmoja alisimama mbele ya meza yao, uso umechangamka, jarida limekunjwa kwapani. Nyuma yake mlango ulikuwa umeziba watu.

"Samahani, dada," alisema. "Kiti hiki kina mtu?"

Mgunduzi alifungua mdomo. Safari hii alikuwa nalo, neno lote, na alikuwa analisema.

Lakini baba alikuwa keshasimama. Abiria alikuwa wima, naye hakuweza. Alivaa kofia, akapita pembeni kwa adabu, akasimama kwenye ujia kati ya meza na ukuta, miguu ameitanua, mkono mmoja juu kama anashika bomba. Alimtikisia bintiye kichwa, namna alivyokuwa akiwatikisia waliokwisha kukatwa tiketi.

Mgunduzi alikitazama kiti.

"Hakina," alisema, kwa kuwa wakati huo ilikuwa kweli.

Binti alikaa, akajisogeza. "Kina joto," alisema, akafurahi, maana nje palikuwa na baridi.

Mama Supu alifika na mabakuli mawili yanafuka moshi. Moja aliliweka mbele ya Mgunduzi. La pili aliliweka mbele ya binti, akampa na kijiko, akamkaribisha.

"Si nilisema," alimwambia Mgunduzi, "una mgeni."