Kona ya Zulia Mlangoni

Robyn alikuwa amepiga magoti na chupa ya gundi mkononi, akiligandisha zulia kwa mara nyingine, na hasira zimemfika kooni. Ilikuwa kona ile ile, karibu na mlango wa mbele, nyuzi zimefumuka na ubao wa sakafu unachungulia. Nyuma yake baba yake alikaa, akainuka, akaenda jikoni, akarudi, akakaa.

"Baba, tulia basi. Unanitia kizunguzungu."

"Si nimetulia?" alisema Mzee Clarrie, akainuka tena.

Tangu Mei mambo yalikuwa hivyo. Mzee alikuwa ameanguka malishoni kwake, huko Ross, akalala kwenye baridi hadi jirani alipompata. Kondoo wakauzwa, shamba likauzwa, naye akahamishiwa kwa bintiye mjini Launceston akiwa na sanduku moja la nguo, koti lake, na vicheche wawili, Tuppy na Gus. Hao ndio wanyama warefu wembamba aliokuwa akiwaingiza mashimoni maisha yake yote, wawafukuze sungura watoke mbio na kunaswa nyavuni. Jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini kicheche wa shamba akifika mjini huchimba, tena huchimba zulia jipya la watu. Gus alikamatwa papo hapo pale mlangoni, nyuzi zimemning'inia kuchani, na baada ya hapo hakuna aliyehoji kosa ni la nani.

Dean, mume wa Robyn, si mtu mbaya. Alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Akampigia simu jamaa mmoja wa Devonport anayefuga vicheche, wakakubaliana: Jumamosi atakuja na kizimba. Zulia likiwa salama, atarudi mikono mitupu. Likiwa limechimbwa, ataondoka na wote wawili.

Robyn alikubali, na tangu akubali hakupata raha. Vicheche wangeondoka, sawa. Baba yake je? Angebaki kwenye kiti kile na nani? Kila akilifikiria hilo alijikuta amesimama, anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Basi akaanza kuwatafutia pa kuchimba. Alijaza beseni mchele mkavu. Wakaumwaga jikoni kote, Dean akaukanyaga bila viatu na kusema maneno ambayo hasemi mbele ya mkwewe. Akaweka karatasi zilizochanwa, wakalala humo. Akanunua mfuko wa udongo wa bustani. Tuppy akanusa, akageuza makalio, akajisaidia.

Mzee Clarrie alicheka mpaka akakohoa. Robyn hakuwa amemsikia akicheka tangu ahamie.

"Unacheka nini? Hawa ni wako."

"Naucheka udongo wako, mama. Hauna mwenyewe huo. Wewe ungepiga hodi kwenye nyumba isiyo na mtu?"

Kicheche huchimba panaponuka sungura. Hili alikuwa akilijua, ila amelisahau. Utotoni alilala kifudifudi kandokando ya mashimo, nyavu zimetandazwa, sikio ardhini, akisubiri kishindo cha chini. Alhamisi hakwenda kazini. Aliendesha gari mpaka shamba la zamani, akamwomba ruhusa mwenye shamba mpya, akachota ndoo mbili za udongo midomoni mwa mashimo ya sungura, nyuma ya banda la kukatia manyoya. Baba yake alikuwa amelala alipotoka, naye hakumwamsha. Alidhani anamwonea huruma.

Udongo ule ulipomiminwa kwenye beseni, kwenye chumba cha kufulia, vicheche walipagawa. Walichimba, wakazama, wakaibuka na pua nyeusi, wakachimba tena. Mzee alichuchumaa pembeni, akachota konzi moja, akainusa. Kisha akairudisha taratibu na kwenda kusimama dirishani.

"Tumeshinda," Robyn alimwambia Dean kwa furaha. Ijumaa yote vicheche walifungiwa chumba cha kufulia na beseni lao.

Ijumaa jioni kona ya zulia ilikuwa imefumuka.

"Robyn, mpenzi," Dean alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kelele. "Kesho aje tu."

"Lakini walikuwa wamefungiwa."

"Basi mzee amewafungulia. Unamjua baba yako."

Jumamosi asubuhi Robyn alitoka kwenda kununua mkate, akafika nusu ya njia, moyo ukakataa, akageuza. Alipokaribia mlango akamwona baba yake kupitia kioo. Alikuwa amevaa kofia na buti za shambani, mkono mmoja kwenye kitasa. Hakukizungusha. Ncha ya buti ilikuwa inakwangua kona ya zulia, kwangu, kwangu. Kisha aligeuka, akaenda jikoni, akarudi, akashika kitasa, buti ikaanza tena. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Haukuwahi kufungwa mchana.

Robyn akaufungua. Mzee akashtuka, akayafuata macho ya bintiye mpaka chini, kwenye buti yake mwenyewe na nyuzi zilizoikamata.

"Mimi?" alisema. "Loo. Na nimemwacha Gus abebe lawama."

"Kwa nini hutoki, Baba?"

"Nitoke niende wapi? Nje ni barabara, halafu barabara nyingine."

Mtu wa Devonport alikuwa anaegesha gari, kizimba kiko nyuma. Dean alitoka nje kumpokea. Robyn alimpita Dean bila kusimama, akamwambia yule mtu kwamba wamemsumbua bure, wanyama hawaendi popote, na kama ana kiu aingie ndani Dean atamchemshia chai. Dean akamtazama mkewe usoni, akamkaribisha mgeni ndani.

Kisha Robyn akarudi ndani. Alijichukia kwa ile safari ya Alhamisi aliyokwenda peke yake.

"Nawaingiza Tuppy na Gus kwenye sanduku lao," alisema. "Mwenye shamba mpya analalamika sungura wanammaliza. Vaa koti, twende."

"Nimevaa."

Kweli, alikuwa amelivaa, na limefungwa vifungo vyote.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu Mei," alisema baba yake.

Robyn akachukua ufunguo wa gari. "Na nyavu ziko wapi?"

Mzee Clarrie akatia mkono mfukoni mwa koti, akazivuta nje.