Mchwa, Nyuki na Randa Ndogo

"Umewaziba! Macho umeyaacha wapi?"

"Si umeniambia nipake rangi vichwa vya magogo yasipasuke? Nimepaka."

"Na kale kamrija ka nta hukukaona? Ule ni mlango wa nyuki, wewe!"

Dada yangu ndiye mwenye karakana. Mimi niliacha shule nikaja kumsaidia, mwaka wa nne huu. Ukweli, sikuona mrija wala nini. Asubuhi ile nilikuwa nimemwambia nimepata kibanda ng'ambo ya barabara, nataka kuanza useremala wangu. Alichofanya ni kunituma nikapake rangi magogo. Akili yangu ilikuwa huko.

Nikachukua patasi, nikabandua rangi taratibu. Wakatoka mbio, vijinyuki kama mbu. Hawana mwiba ila wanajua kung'ata nywele. Nikaanza kujipiga makofi kichwani. Dada akacheka huku amekasirika.

Tukalibingirisha gogo. Upande wa chini, uliolowa kwa bomba linalovuja, mchwa weupe tele. Akachomeka kidole, kikazama.

"Waone. Hawa si wa kichuguu. Nyumba yao ndiyo chakula chao. Hawatoki kutafuta, wanatafuna walipolala. Pakibaki ganda, watoto wanaota mbawa, haooo!"

"Mimi nimetafuna nini hapa? Zile meza nani kazipiga randa?"

"Nimetaja mchwa. Umeshtuka nini?"

"Haya, tuongelee nyuki. Mwaka jana si walifungua nyumba nyingine kwenye tundu la ukuta? Nilikuwa nawatazama kila siku. Walichota nta na asali kwa mama, wakapeleka kule, ndipo binti, malkia mpya, akahamia. Hata alipohamia waliendelea kumbebea. Mama alibaki kwake, na hakuna aliyenuna."

"Kwa hiyo nikubebee asali?"

"Nibebee randa. Na jiliwa moja la kubania mbao. Nitakuja kukusaidia mpaka upate mtu."

Akapangusa mikono kwenye aproni muda mrefu kuliko uchafu wenyewe.

"Randa ya baba haitoki humu."

"Sijaitaja ya baba."

"Chukua ile ndogo. Jiliwa utakuja kutumia hapahapa."

"Ile ndogo? Haikati hata siagi!"

"Inoe. Mbona mdomo unajua kuunoa?"

Nikaichukua randa, nikamgeuzia mgongo, nikavuka barabara.