Masikio Mazima

"Hao kumi na wawili wafute," Profesa alisema, macho kwenye simu yake. "Masikio yao mazima, majibu yao ovyo. Hawakuwa makini, basi."

Mtafiti alihisi damu ikimpanda kichwani. Miaka yake yote pale maabara alikuwa akichunguza jinsi ubongo unavyopokea sauti, na hao kumi na wawili, watu waliojitolea kupimwa, aliwajua mmoja mmoja. Aliwakalisha mwenyewe kwenye chumba kisichopitisha kelele, akawabandika nyaya kichwani kwa ile gundi inayogoma kutoka kwenye nywele. Masikio yao yalinasa hata mlio mwembamba kabisa. Lakini maneno yakichanganyika na kelele, mawimbi ya ubongo wao yalichelewa na kuvurugika, hayana kichwa wala miguu.

"Profesa, walikuwa wanatazama filamu isiyo na sauti. Hatukuwaambia wasikilize chochote. Sehemu ya ubongo tuliyoipima inajibu sauti hata mtu akisinzia. Umakini unaingiaje hapo?"

"Ukiwaacha, grafu inachafuka. Ukiwatoa, inanyooka. Unataka grafu au unataka ubishi?"

"Nataka ukweli."

Profesa akacheka kidogo, akarudi kwenye simu yake.

Mtafiti alitoka na karatasi zake, akimfikiria mdogo wake. Alikuwa fundi seremala, na sheria za utafiti hazikumruhusu mtafiti kumpima ndugu yake, lakini ndiye aliyemfanya asomee kazi hii. Tangu utotoni mdogo huyo aliambiwa ana kiburi. Nyumbani kukiwa kimya, anakusikia hata ukinong'ona. Redio ikiwashwa, unamtuma nyundo anakuletea ndoo.

Wiki chache baadaye ukaja ujumbe kutoka jarida la sayansi: makala yao imekubaliwa kuchapishwa. Mtafiti akaifungua. Kumi na wawili hawamo, na jina lake limewekwa la pili kutoka juu, kana kwamba aliwafuta yeye.

Hakugonga mlango wa Profesa. Aliingia tu.

"Umeweka jina langu kwenye uongo."

"Nimekusaidia. Wenzako wanalilia nafasi hiyo."

"Basi wape."

Alirudi mezani kwake, akamwandikia mhariri wa jarida kila kitu na kumtumia vipimo vyote, vya wale kumi na wawili vikiwemo. Makala ikasimamishwa. Profesa hakumwita wala kumfokea. Ila asubuhi moja kadi yake ilikataa kufungua mlango wa maabara, na ofisini akaambiwa amehamishiwa kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, jengo la pili. Alirudi akasimama mbele ya mlango wa maabara, akiwaona wenzake kupitia kioo. Wote wakajifanya wana kazi.

Jumapili hiyo alikwenda kwa wazazi wake akiwa amefura. Televisheni inaunguruma, feni inapiga kelele. Mdogo wake ameinama kwenye kochi. Karakana walikuwa wamemwachisha kazi kwa kukata mbao kwa vipimo visivyo sahihi.

"Kichwa kigumu," baba alikuwa anasema. "Unaambiwa huku misumeno ikinguruma, unaitikia ndiyo, ndiyo, halafu unafanya lako."

"Baba, mwache," mtafiti alisema, kisha sauti ikampanda mwenyewe bila breki. "Mwacheni, jamani, nyote, mmemchosha mtoto wa watu na kiburi, kiburi..."

"Dada," mdogo wake alimkatiza taratibu. "Ukifoka ndiyo sipati hata neno."

Mtafiti akainuka. Akazima televisheni, akazima feni, akavuta kiti mpaka magoti yake yakakaribia ya baba. Akamweleza polepole: sikio linapeleka sauti, ubongo ndio unaochambua neno kutoka kwenye kelele, na kuna watu ambao uchambuzi huo hauendi sawa. Hawapuuzi mtu. Hawakaidi.

Baba alijikuna kidevu. "Mbona hospitali walisema ni mzima?"

"Walipima masikio, baba. Ubongo hakuna aliyeugusa."

"Nilimwambia msimamizi wa karakana anionyeshe kwa kidole tu, au aniandikie," mdogo wake alisema. "Akasema natafuta visingizio. Akaniita bwege mbele ya watu."

"Alisema hivyo?" baba aliuliza.

"Mara nyingi tu."

Baba akainuka. Akaanza kutafuta viatu vyake.

"Huyo msimamizi anakaa wapi?"

Mama akamtazama binti yake, akitegemea amzuie. Mtafiti alikuwa ameshashika funguo za gari.