Mchanga Ulikuwa Safi

Mtafiti alikipasua kinundu cha mzizi wa soya kwa wembe, akakisogeza dirishani. Ndani kilikuwa chekundu. Siku nyingine angefurahi, maana kinundu chekundu ni bakteria hai, wanaovuta naitrojeni hewani na kuilisha soya bila mkulima kununua mfuko wa mbolea. Lakini soya hii haikutakiwa kuwa na kinundu hata kimoja. Ilitoka katika vyungu kumi na viwili vya kulinganishia, visivyotiwa bakteria, ambavyo kazi yake yote duniani ni kubaki njano na kudhoofu ili wenzake waonekane wamenawiri.

Wiki iliyopita mkuu wa idara aliingia kwenye kitalu akauliza mbona vyungu vya mwanzo vina kijani. Mtafiti alijibu kabla hata hajafikiri.

"Labda mchanga haukuchemka vizuri."

Labda! Kwa neno dogo kama hilo, mtu mzima aliangushiwa jumba bovu. Mchanga ulikuwa kazi ya Bi Mchanga, mama aliyeuosha, akauchemsha kwenye pipa kuua bakteria na kuuanika kwa miaka kumi na minne, hata jina lake halisi likabaki kwenye faili tu. Alikuwa amesimama palepale na ndoo yake. Mkuu akamwambia mkataba wake, unaokwisha Ijumaa, hautaongezwa mpaka ajieleze kwa barua.

Mtafiti aliendelea kung'oa na kuhesabu, akifuata mpangilio aliopandia mwenyewe. Chungu cha kwanza, vinundu kumi na tisa. Cha pili, kumi na kimoja. Cha tatu, sita. Cha nne, viwili. Cha tano, kimoja. Kuanzia cha sita hadi cha mwisho, mizizi mitupu. Mchanga mchafu haupungui kwa adabu namna hiyo. Ungechafua vyungu vyote. Huu ulikuwa mkono wa mtu, uliojipangusa kidogo kidogo kila ulipofukia mbegu.

Mkono wenyewe aliujua. Siku ya kupanda, dada yake alikuwa amepiga simu mara nne: mama amekwishavaa viatu, anasubiri kupelekwa kupimwa macho. Mbegu zilizopakwa unga mweusi wa bakteria zilikuwa zinaanza kukauka, basi akazipanda hizo kwanza, akajifuta mikono kwenye koti, akageukia zisizopakwa. Na ukutani, mbele ya pua yake, karatasi ilisema: ZISIZOPAKWA KWANZA. NAWA MIKONO. Mwandiko ulikuwa wake.

Kukosea si ajabu, kila mwenye mikono hukosea. Kilichomchoma ni kwamba alijua. Tangu mkuu alipouliza alijua nusu, na ile nusu ya pili akaikalia kimya, akimwacha mama wa watu aibebe.

Alikusanya mizizi kwenye trei, akatoka kwenda nyuma ya kitalu. Bi Mchanga alikuwa akikoroga pipa kwa mwiko mrefu.

"Karibu, mwanangu. Usisogee sana, mvuke huu hauna adabu."

"Huu si mchanga wa juzi? Mbona unauchemsha tena?"

"Siku hizi nauchemsha mara tatu. Mzee wangu ananicheka, anasema hata maji ya chai nayachemsha mpaka yanaisha."

Mtafiti hakucheka. "Barua ya mkuu umeandika?"

"Nimepeleka asubuhi. Nimekiri kosa, nimeomba radhi."

"Lakini unakumbuka ulikosea wapi?"

Bi Mchanga aliacha kukoroga. "Sikumbuki. Kila nikifikiri, naona niliuchemsha saa zake zote. Ila wewe ulisema ni mchanga, na miaka yote hii hujawahi kunidanganya. Nikajua ni mimi. Uzee huo, umeanza kunila."

Mtafiti alimnyooshea trei ya mizizi. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Ni mimi," alisema. "Nilipanda zilizopakwa kwanza, na sikunawa. Mchanga wako ulikuwa safi."

Alingoja atukanwe. Alingoja pia kuambiwa si kitu, mwanangu, na moyoni aliomba aambiwe hivyo. Hakuambiwa.

"Ulikuwa safi," Bi Mchanga alirudia, akiliangalia pipa.

"Safi kabisa. Mizizi hii hapa inaonyesha. Naenda kwa mkuu sasa hivi, hata kama utafiti wote utaanza upya."

Bi Mchanga aliinama akazima jiko. Akauweka mwiko, akajipangusa mikono, kidole kimoja baada ya kingine.

"Twende wote," alisema. "Siku ile uliposema ni mchanga nilikuwepo. Na leo niwepo."