Kemu ya Wifi

Pale gereji, mpiga picha alihisi amechezewa mara tu pikipiki yake iliyotoka kufungwa injini ilipowaka mara moja, ikatulia na kunguruma kama paka aliyeshiba. Haikupaswa kutulia. Alikuwa ameagiza kemu ya mashindano, ile shafti yenye vinundu virefu vya kuachia vali wazi kwa muda mrefu, pamoja na pistoni iliyotuna kichwa ili ibane hewa na petroli zaidi. Wote aliowauliza walisema injini ya namna hiyo hukohoa pikipiki ikisimama bila kuzimwa.

"Umeniwekea vitu vyangu kweli?"

"Kwani nimevitia mfukoni, wifi?" Fundi alikuwa dada wa mumewe, na tangu harusi walitaniana utani ambao nusu yake si utani.

Mpiga picha akaitupia jicho pikipiki ya fundi mwenyewe, pale mlangoni. Boliti za injini zilikuwa na mikwaruzo mipya, kama zilizofunguliwa juzijuzi.

"Hebu washa yako."

"Ya nini?"

"Washa tu."

Fundi akajikuna shingo, akawasha. Ikakohoa, ikatetemeka mpaka vioo vikacheza.

"Mwizi mkubwa wewe!"

"Taratibu basi. Wewe unashinda kwenye foleni. Kemu hii haina nguvu mpaka injini ipige kelele, na pistoni ile kwa petroli yetu itagonga hadi itoboke. Nilikuambia, ukaziba masikio. Nikaona nizijaribu kwangu kwanza."

"Bila kuniambia?"

"Ungekubali?"

Mpiga picha akampokonya ufunguo, akaondoka na pikipiki ya wifi yake. Kwenye makutano ya kwanza ikamzimikia, honi zikamvamia. Kilimani injini ikagonga kama misumari ndani ya kopo. Akarudi akiisukuma, jasho likimtiririka.

Fundi hakucheka. Hapo ndipo shaka ilipomrudia mpiga picha.

"Sawa, umenishinda," akamtega. "Vitoe vyote viwili, nikaviuze."

"Pistoni nakutolea sasa hivi," fundi akajibu haraka. "Ila kemu... mbona una haraka?"

"Haa! Kumbe!"

Fundi akainamisha uso, kisha tabasamu likamtoroka. "Jumapili niliifungulia nje ya mji, barabara tupu. Wifi, inaruka!"

Mpiga picha alitaka kununa, akashindwa, akacheka hadi akashika ukuta. Hata hivyo alivuta kigoda, akaketi karibu kabisa na injini, na ili asichezewe tena, hakuondoa macho hadi boliti ya mwisho ilipotoka.