Radi Hakuja Mazikoni

Tulishuka Rujewa tumechoka, mwenzangu zaidi. Huyu ndiye Isakwisa, watu walimwita Radi, winga wa kushoto aliyetikisa nyavu kuanzia Mbeya hadi Cairo, akaichezea timu ya taifa mpaka goti likakataa. Siku hizi ana mvi na tumbo, na goti lenyewe lazima alibembeleze ndipo lipande ngazi. Alikuja kumzika dada yake Tumpe, aliyeolewa na Sedekia huku kwenye mashamba ya mpunga.

Mwaka jana, alipomzika kaka yao mjini Mbeya, mshereheshaji alimsimamisha mbele ya jeneza asimulie bao la Cairo. Kisha watu wakapanga foleni ya picha. Marehemu akasubiri juani.

"Kaka," akaniambia, "leo nataka kuzika kama mtu. Basi."

"Niachie mimi."

Nimestaafu reli, uongo bado.

Hatujakaa vizuri chini ya turubai, bwana mmoja wa mashine ya kukoboa mpunga, Danieli, akatoa simu. "Mzee, huyu si Radi huyu?"

"Angekuwa Radi angepanda basi na mimi? Huyu ni seremala wa Mafinga, ana bahati mbaya ya sura tu. Juzi juzi kule Chunya wachimbaji walimbeba mabegani mpaka uwanjani, wakamvisha jezi kwa nguvu. Akajifunga mabao manne. Walimkimbiza mpaka viatu vikamtoka, na hadi leo wanavichekecha, labda vina dhahabu."

Watu wakacheka chinichini, kicheko cha msibani. Danieli akamkagua Isakwisa, tumbo, kisha goti.

"Kweli. Radi hawezi kuchakaa hivi."

Simu ikarudi mfukoni. Isakwisa akashusha pumzi. Sedekia, mfiwa, alikuwa ameketi mkabala nasi. Alitutazama wote wawili.

Makaburini ndipo uongo wangu ulipotugeukia. Mume alipokwisha kuweka udongo, mchungaji akaita, "Kaka wa marehemu, Isakwisa, asogee."

Isakwisa alikuwa nyuma ya watu. Niliuona mguu wake ukianza kuinuka, ukarudi chini. Akisogea tu, simu zitatoka zote, na Tumpe atasahaulika shimoni.

"Hajaja," Danieli akasema. "Watu wenye majina wanafika huku? Na dada mtu ndiye aliyembeba mgongoni."

"Atatuma video ya pole," mama mmoja akaongeza.

Nikafungua mdomo niseme ukweli, kazi nisiyoizoea. Isakwisa akanishika mkono, akatikisa kichwa. Mchungaji alingoja kidogo, akaita mwingine.

Udongo ulipoanza kurudishwa, Sedekia alizunguka kaburi polepole akiwa na beche, akasimama mbele yetu.

"Fundi," akasema, "nisaidie kumfukia mke wangu."

Isakwisa akalipokea. Huku wanaume hupokezana beche, kila mtu anatupa udongo kidogo, anampisha mwenzake. Mtu wa kwanza akaja kumpokea, Isakwisa hakumpa. Wa pili naye akarudi mikono mitupu. Goti lilimtetemesha, jasho na machozi vikawa kitu kimoja, na zaidi yangu na Sedekia hakuna aliyemjua.

Danieli akaja mwisho. "Pumzika, fundi. Una moyo wewe, kuliko yule kaka mtu."

"Kumshinda yule si kazi," Isakwisa akajibu bila kuinua kichwa, akaendelea kufukia.