Kioo cha Amoni

Amoni hakuwa mtu wa kushindwa na chuma. Pale Tunduma, ukimpelekea kompyuta iliyokufa, aliifungua, akaipuliza vumbi, ikafufuka. Ila yake mwenyewe ilimtoa jasho tangu alipoinunua mtumba, bila boksi wala diski ya kadi ya picha. Na kadi bila draiva, yaani programu ya kuielekeza ichore nini kiooni, ni mzigo tu. Alizunguka vibanda vya intaneti miaka na miaka akipakua draiva hii na ile. Moja ikageuza kila kitu zambarau, nyingine ikaleta maandishi makubwa kama bango la mkutano wa injili, nyingine ikaishia bluu tupu. Mkewe, Gwantwa, alikuwa akimpitishia chai huku akimtania, "Hiyo kadi si uitolee mahari tu, tujue moja."

Mwishowe akapata draiva iliyokubali. Hapo akaapa mashine ile haitaonja tena intaneti, maana ikionja tu inajibadilishia draiva yenyewe, na kazi inaanza upya. Majirani wakamcheka, fundi wa kompyuta asiye na mtandao. Acha wacheke. Gwantwa alipofariki, Amoni akabaki anakula ugali akitazama ukuta. Upweke ulimkaa vibaya, asikudanganye mtu.

Ndipo mwaka 2010 Elina, binti yake wa pekee aliyeolewa Durban, akajifungua, akapiga simu.

"Baba, kwetu babu ndiye anayemtazama mtoto usoni na kusema kafanana na nani. Jumapili nitaazima kompyuta yenye kamera. Usinikatalie."

Angekataaje? Hamu ya kuuona uso huo ilikuwa imemnyima hata usingizi. Akanunua kamera, akaazima modemu, akavunja kiapo.

Jumapili baada ya ibada aliketi mbele ya mashine na koti lake la kanisani. Elina akatokea, amenawiri. "Shikamoo, baba," akasema, na papo hapo kioo kikawa cheusi ti. Sauti ikabaki.

"Marahaba, mwanangu."

"Mbona umekonda hivyo? Nani anakupikia?"

"Najipikia."

Alipapasa nyaya chini ya meza, taratibu, asije akaonekana. Kuzima na kuwasha upya hakuthubutu, kwani modemu ile ikikata ilishika kwa kubembelezwa, na kompyuta ya Elina ilikuwa ya watu. Aibu nayo ikamshika, fundi mzima kuumbuka mbele ya mwanawe. Akatulia, akaukazia macho weusi ule, akatabasamu.

"Huyu hapa mjukuu wako. Unamwona?"

"Namwona vizuri."

"Kafanana na nani?"

Amoni alikuwa na mtu mmoja tu moyoni. "Mama yako. Gwantwa mtupu. Hebu ona hayo macho."

"Baba," Elina akasema polepole, "bado nimemfunika gubigubi."

Amoni akashika kishikizo cha koti, asijue aangalie wapi.

"Huoni tangu saa ngapi?"

"Tangu uliponiamkia."

Elina hakumcheka. Shuka ilisikika ikifunuliwa, mtoto akalalamika kidogo. "Basi sikiliza, baba," akasema, na sauti ilikuwa ya machozi. "Ana nywele nyingi, zimelalia upande mmoja. Paji la uso ni lako. Macho..." Akasita. "Macho ni ya mama kweli."

Amoni akaitikia kwa kichwa, maana alijua kule anaonekana.